Umeisoma, Ama Umeiona Tu?

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo mtu wa nyumbani akikupigia unaanza kujiuliza nani amelazwa. Hakuna aliyelazwa.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa usiku. Nina swali la marejeleo."

Anaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mikoko ya Gazi, kule kwetu Kwale. Kwenye mtandao alikuwa amepata makala moja nzuri, ya kusoma bure, na ndani yake mwandishi ametaja utafiti wa mtu mwingine, wa miaka mingi nyuma. Utafiti huo ndio uliobeba hoja anayoihitaji katika sura ya pili. Akaufuata. Kiungo kikamfikisha kwenye tovuti ya jarida, na hapo akakuta muhtasari wa maneno kama mia mbili hivi, na chini yake kitufe cha kununua. Dola karibu arobaini. Hizo ni zaidi ya shilingi elfu tano, na yeye wiki hiyo alikuwa akihesabu nauli.

"Kwa hivyo nina muhtasari, na nina kile alichosema yule wa pili," akaniambia. "Je, naweza kumweka yule wa kwanza moja kwa moja kwenye orodha? Manake jina lake ninalo, mwaka ninao, jarida ninalo, kurasa ninazo, hata DOI ninayo. Kila kitu kiko sahihi."

Nikamwambia tutaongea kesho. Jibu nilikuwa nalo palepale. Kilichonitatiza ni kwamba mimi ndiye wa kulitoa.

Kwa miaka sita, kabla sijapata kazi ninayofanya sasa, nililipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Siku hizi hiyo si siri tena. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu kuhusu Wakenya wanaofanya kazi hii, na mwaka 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, anawafuatilia waandishi wa aina yangu. Wakati wetu, ukitaka kujua nani anaifanya, ungetafuta tu dirisha lenye taa saa tisa usiku pale Roysambu. Tulikuwa vijana wenye shahada na wasio na ajira. Mteja alikuwa Ohio au Manchester, hatukuwahi kumwona. Kulikuwa na oda, idadi ya kurasa, saa ya mwisho ya kutuma, na mstari mmoja ambao haukukosekana: vyanzo visipungue kumi, viwe vya miaka mitano ya karibuni, mtindo wa APA.

Kwa marejeleo nilikuwa moto. Nilijua mahali pa nukta na mahali pa mkato kama makanga anavyojua steji. Nilijua kwamba APA wanataka mwaka uje mara tu baada ya jina, na MLA wanauweka mbali kule karibu na mwisho. Nilijua kwamba Chicago ina njia mbili, moja ya tanbihi na moja ya jina na mwaka, na kwamba ukiambiwa "Harvard" uulize kwanza ni Harvard ya chuo gani, kwa sababu kila chuo kina Harvard yake. Toleo la saba la APA lilipotoka Oktoba 2019 na kupunguza yale maneno ya kuonyesha umetoa wapi kabla ya anwani ya mtandao, mimi nilikuwa nimeshaacha, lakini nilijikuta nasoma mabadiliko hayo kama mchezaji mstaafu anavyotazama mechi.

Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kazi kwa sababu ya marejeleo. Kila jina lilikuwa la mtu wa kweli, kila makala ilikuwepo, kila kiungo kilifunguka. Jina moja tu kwenye karatasi nzima lilikuwa la uongo, nalo ni lile la juu kabisa, la mwanafunzi.

Na hata hivyo vyanzo, nisijisifu kana kwamba nilivisoma. Kuna usiku mmoja sijausahau. Oda ilikuwa ya mwanafunzi wa uuguzi huko Marekani, kurasa nane kuhusu vidonda vya wagonjwa wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Vyanzo kumi na viwili. Nilisoma vinne. Vinane vilivyobaki nilivitoa kwenye orodha ya mwisho ya mojawapo ya hivyo vinne, nikavipanga kwa alfabeti, nikavisambaza ndani ya aya. Stima ilikuwa imepotea, laptopu imebaki na asilimia kumi na moja. Nikatuma. Mteja akapata alama nzuri, akaniongezea dola tano.

Huenda yule mwanafunzi leo ni muuguzi mahali fulani, na kuna mzee anayelala mikononi mwake. Yale niliyoandika kuhusu kumgeuza mgonjwa yalikuwa sahihi? Nadhani yalikuwa sahihi. Nadhani. Niliyawekea chanzo ambacho sikukifungua, kwa hivyo hata mimi mwenyewe siwezi kukuapia.

Huyu ndiye mjomba aliyepigiwa simu.

Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini anataja vyanzo, wengi watakuambia ni ili wasikamatwe. Kuna programu zinazokagua ufanano, na asilimia ikipanda unaitwa ofisini. Ukimwuliza mwalimu, atakupa sababu mbili bora zaidi: unalipa deni la aliyekutangulia, na unamwonyesha msomaji njia ili akitaka aende akahakikishe mwenyewe. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini swali la mpwa wangu linazipita. Akimweka yule mtafiti wa kwanza kwenye orodha, jina la mtafiti limetajwa, kwa hivyo deni limelipwa. Njia nayo ipo, DOI inafunguka. Sasa kosa liko wapi?

Liko kwenye jambo la tatu, ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu anadhani liko wazi. Ukiandika jina na mwaka kwenye mabano mwisho wa sentensi, unatoa ushahidi. Unamwambia msomaji: nilifika, nikaona, na hiki ndicho nilichokikuta. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 63, inataka anayesema jambo lilionekana awe ndiye aliyeliona, na anayesema lilisikika awe ndiye aliyelisikia. Shahidi anaweza kusema jambo ambalo ni kweli tupu na bado akawa ametudanganya, kwa sababu alisema aliliona kumbe aliambiwa na jirani.

Wanazuoni wa Hadithi walilifikiria jambo hili zaidi ya miaka elfu moja kabla ya intaneti. Hadithi haiji peke yake. Huja na isnadi, yaani mnyororo wa majina: fulani kanisimulia, naye kasimuliwa na fulani, hadi mwanzo. Na walikuwa na jina la kosa ambalo mpwa wangu alikuwa analikaribia. Msimulizi anaruka pete moja ya mnyororo, anamtaja yule wa juu kwa maneno yanayomfanya msikilizaji adhani alimsikia yeye mwenyewe. Waliliita tadlisi. Angalia, maneno yanayosimuliwa yanaweza kuwa sahihi. Aliyetajwa huenda kweli aliyasema. Walilikemea hata hivyo, kwa sababu aliyerukwa ndiye huenda alikuwa dhaifu wa kumbukumbu au wa ukweli, na ukimficha umemnyima msikilizaji nafasi ya kumpima.

Hapo ndipo penye jibu. Mpwa wangu akimruka yule mwandishi wa pili, msomaji hatajua kwamba hoja imepita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia. Kama yule wa pili alielewa vibaya, au alikata maneno, au aligeuza kukisia kuwa kuthibitisha, kosa lake litavaa nguo za yule wa kwanza na kutembea nazo.

Na makosa hutembea. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichunguza makosa ya chapa ndani ya marejeleo ya kisayansi. Mtu mmoja anakosea namba ya ukurasa, na wengine wengi wanaomfuata wanakosea vilevile, namba ileile. Kwa nini? Kwa sababu wananakili orodha ya mwenzao badala ya kufungua makala yenyewe. Kutokana na hesabu yao wakakadiria kwamba ni kama mmoja tu kati ya watano wanaotaja makala ndiye aliyeisoma. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wale wanane wangu wa usiku wa vidonda.

Kuna kisa kingine cha kuchekesha, ukishamaliza kuhuzunika. Kuna makala ya mwaka 2000 ya Van der Geer na wenzake, kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi. Makala hiyo haipo, haijawahi kuwepo. Ilibuniwa tu kama mfano kwenye maelekezo ya mchapishaji Elsevier, ili waandishi waone namna ya kupanga marejeleo. Msomi Anne-Wil Harzing alipoifuatilia, alikuta karibu makala 400 zimeitaja. Wengine inaelekea waliandika juu ya ule mfano na wakasahau kuufuta. Lakini fikiria: mamia ya watu, wahakiki wao, wahariri wao, wote wameiangalia orodha na kuona iko sawa. Na kwa umbo ilikuwa sawa. Kama ungeipima kwa rula ya APA au ya Harvard, ingepita.

Mtandao umeongeza shida ambayo vitabu vya karatasi havikuwa nayo. Kitabu ukikitaja, kinakaa. Ukurasa wa tatu wa leo ni ukurasa wa tatu wa kesho. Tovuti ni kama kibanda cha barabarani: leo kiko hapa, kesho kanjo wamepita, na pale palipokuwa na mama wa mahamri sasa kuna mtu anauza vifuniko vya simu.

Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 2024 ikionyesha kwamba kati ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikuweza kufunguliwa tena miaka kumi baadaye. Usidhani ni blogu za watoto tu. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walichapisha utafiti wao na kuonyesha kwamba karibu nusu ya anwani za mtandao zilizotajwa katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani hazikuwa zikimfikisha msomaji kwenye kile ambacho jaji alikitaja. Jaji Samuel Alito wa mahakama hiyo aliwahi kutaja ukurasa mmoja katika tanbihi mwaka 2011, kwenye kesi ya michezo ya video yenye ukatili. Baadaye jina la tovuti likaisha muda wake, mtu mwingine akalichukua, akaweka hapo ujumbe wa kumcheka yeyote atakayeifuata tanbihi ile.

Ndiyo maana kuna zile kanuni ndogondogo ambazo wanafunzi huziona kama usumbufu. Tarehe uliyoufungua ukurasa: APA huitaka pale ukurasa unapotarajiwa kubadilika, na MLA huiacha kwa hiari yako. DOI: hii ni kama namba ya kitambulisho, wakati kiungo cha kawaida ni kama nyumba ya kupanga. Mtu akihama Kongowea kwenda Bamburi, namba ya kitambulisho haibadiliki. Halafu kuna hifadhi. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina Wayback Machine yake ambayo tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuitumia kuona ukurasa ulivyokuwa zamani, na leo unaweza kuiambia ihifadhi ukurasa unaousoma sasa hivi. Maktaba ya sheria ya Harvard nayo ilianzisha Perma.cc mwaka 2013 kwa kazi hiyohiyo.

Nilipokuwa nikiandikia wateja, nilizijua kanuni hizi kama njia za kutopoteza alama. Sasa naziona kwa macho mengine. Kuandika tarehe uliyoufungua ukurasa ni kukiri kwamba wewe uliona kitu kwa siku fulani, na huwezi kusemea siku nyingine. Mpwa wangu anataja tovuti za miradi inayoendelea, kama Mikoko Pamoja ya Gazi, ambayo inauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko na pesa zinarudi kijijini kwenye maji na shule. Takwimu za mradi kama huo lazima zibadilike mwaka hadi mwaka. Asipoweka tarehe, msomaji wa baadaye atakuta namba nyingine na kudhani binti wa watu alitunga.

Sasa ongeza akili unde. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kutokea. ChatGPT ndiyo iliyozitunga: majina ya pande mbili, mahakama, mwaka, kila kitu mahali pake. Jaji Kevin Castel akawatoza faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimtambua yule mwandishi. Alikuwa anafanya kazi yangu ya zamani: kuandika haraka, kuridhisha mteja, kupanga marejeleo yanayopendeza macho ya vitu ambavyo hajavisoma. Tofauti ni kwamba mimi angalau nilihakikisha vipo. Na tofauti nyingine, mimi nilijua.

Kesho yake nilimpigia mpwa wangu. Nikamweleza tadlisi, nikamweleza mnyororo. Nikamwambia njia ipo na si mpya: unaandika jina la yule wa kwanza ndani ya sentensi, kisha unasema "kama alivyonukuliwa na" yule wa pili, na kwenye orodha unamweka yule wa pili, kwa sababu yeye ndiye uliyemsoma.

Akanyamaza kidogo. Kisha akanipa hoja ambayo sikuitegemea.

"Mjomba, lakini hiyo ni haki? Mwanafunzi wa ng'ambo anabonyeza, maktaba ya chuo chake imeshalipa, anasoma, anaandika jina moja kwa moja. Mimi nabonyeza naambiwa dola arobaini. Halafu niandike 'kama alivyonukuliwa' mara tano katika sura moja, na msimamizi aseme kazi yangu ni ya mitumba. Kwa hivyo ukweli unaninyonya mimi tu. Tajiri hauhitaji."

Nakubali, hoja hiyo ina uzito. Uaminifu hauuzwi bei moja kwa kila mtu. Kwa mwanafunzi mwenye maktaba iliyojaa, kusema kweli ni bure. Kwa mwanafunzi anayehesabu bando, kusema kweli ni kuanika ufukara wake kwenye ukurasa ambao utasomwa na watu watakaompa alama. Mtu akisimama jukwaani kumhubiria huyu wa pili maadili bila kutaja dola arobaini, simwamini.

Kuna njia za kuuzunguka ukuta, na nilizitaja. Muulize mkutubi, kwa sababu vyuo vya Kenya vina muungano wa maktaba unaolipia majarida kwa pamoja, na wanafunzi wengi wanamaliza chuo bila kujua nywila. Kuna Research4Life, inayofungua majarida kwa taasisi za nchi zisizo tajiri. Tafuta kama mwandishi ameweka nakala yake kwenye hifadhi ya chuo chake. Mwandikie baruapepe, watafiti wengi hufurahi kusikia kwamba kuna mtu duniani anataka kuwasoma, na zile dola arobaini kwa kawaida hata haziwafikii. Lakini tuseme umejaribu yote na umekosa. Je, hapo umeruhusiwa kujifanya?

Nilichomwambia ni hiki. Ukijifanya umeisoma, ukuta unapotea machoni pa watu. Msomaji ataona tasnifu ya Mkenya yenye marejeleo yote, ataona kila kitu kinafikika, na ataamini mambo ni sawa. Wakijifanya wanafunzi elfu kumi, hakuna ushahidi wowote kwamba kuna mtu aliwahi kuzuiwa mlangoni. Lakini ukiandika "kama alivyonukuliwa na", umeacha alama. Atakayekuja nyuma yako ataona hapa ndipo njia ilipofungwa. Uongo wako ungemsitiri msimamizi, ungemsitiri mchapishaji, ungemsitiri kila mtu isipokuwa wewe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

"Sawa," akasema, sauti ya mtu ambaye hajakubali lakini amechoka. Kisha akaleta lingine. "Na mzee je?"

Mzee ni yule aliyemfundisha mikoko. Kwa jumbe za sauti za WhatsApp, moja baada ya nyingine, alikuwa amemweleza tofauti ya mkoko na mkandaa, mchu na mlilana, na jinsi miti iliyokatwa inavyopewa jina kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo, banaa. Ukiangalia mwongozo wa APA, maongezi ya namna hii ni mawasiliano ya kibinafsi. Unayataja ndani ya maandishi, lakini hayaingii kwenye orodha ya mwisho, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia. Kwa hivyo mzee aliyeishi na mikoko maisha yake yote hayumo. Lakini kuna tovuti ambayo imeandika majina yaleyale ya boriti bila kusema imeyapata kwa nani, na tovuti hiyo imo, na kiungo chake kimepigiwa mstari wa buluu.

Hili halinihusu mimi na yeye peke yetu. Huko Kanada mkutubi Lorisia MacLeod, ambaye ni wa jamii ya Cree, alichapisha mwaka 2021 mifano ya namna ya kuwaweka wazee na watunza maarifa wa jamii za asili kwenye orodha ya marejeleo kwa jina, jamii, mahali wanapoishi na mada waliyofundisha. Vyuo kadhaa vya huko vimeichukua mifano hiyo. Nadhani nasi tuna haki ya kufanya vivyo hivyo, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, kwa sababu kanuni ya kumwacha nje ilitungwa na watu waliodhani kila kinachojulikana kimechapishwa. Mzee naye ni pete ya mnyororo. Kumruka na kutaja tovuti ni tadlisi ileile, ila safari hii aliyerukwa ni mwenye maarifa na aliyetajwa ni mnakili wake.

Mwisho wa maongezi nikaona siwezi kukata simu bila kumwambia. Nikamweleza kazi niliyokuwa nikifanya Roysambu, oda, dola, usiku wa vidonda. Nilikuwa nimeliandaa kama ungamo kubwa.

"Mjomba, mama alishaniambia zamani," akasema. "Ndiyo maana nilikupigia wewe. Unajua hizo vitu." Kisha, kwa sauti ya kawaida tu, akauliza: "Na zile karatasi zako, zikiwa ziko mahali kwenye mtandao, leo mtu akizinukuu, anamnukuu nani?"

Sijapata jibu. Anamnukuu mwanafunzi ambaye hakuandika, aliyewekewa maneno na mtu ambaye hakutajwa, aliyetaja watu ambao hakuwasoma. Ni mnyororo ambao kila pete yake imerukwa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini sijui yule mgonjwa anaishi wapi, na sina jina la mwanafunzi, na akaunti yenyewe ilifungwa miaka mingi iliyopita. Ninachoweza kufanya ni kusema nilichokisoma na nisichokisoma, kuanzia sasa.

Yule mtafiti wa dola arobaini aliandikiwa baruapepe na hakujibu. Mpwa wangu akaweka "kama alivyonukuliwa na". Siku ya kukutana, msimamizi akaweka kidole kwenye mstari huo na kumwuliza mbona hakwenda kwenye chanzo cha kwanza. Akamjibu: "Nilikwenda, nikakuta kinauzwa. Sijakisoma, kwa hivyo siwezi kusema nimekisoma." Anasema msimamizi alimtazama kidogo, akageuza ukurasa. Wiki iliyofuata akamtumia makala yenyewe kwenye baruapepe, bila neno lolote la ziada. Sasa anaisoma. Ana kurasa ishirini na tatu, na juzi alinitumia ujumbe kwamba yule mwandishi wa pili aliikata sentensi katikati: aliacha nje maneno yaliyosema kwamba hoja ile inahusu msimu wa kiangazi peke yake.

Swali la insha hii si langu, ni lake. Amenipa ruhusa kulitumia, ila jina lake nisiliandike.